Nilivyomfikisha mama KIA kwa kosta na bajaji

Jamani naandika hii kwa ajili ya mtu yeyote wa Arusha au Moshi ambae amepata tiketi ya ndege ya bei nafuu halafu akakwama kwenye teksi ya kumfikisha KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, maana mimi nilikwama hapo hapo na nilikaribia kuahirisha safari ya mama yangu.

Mama ana tatizo la mgongo. Daktari alisema asikae kwenye kiti masaa mengi, na basi la Arusha kwenda Dar ni masaa kumi na zaidi, km zaidi ya 600, kwahiyo basi likawa limetoka kwenye hesabu. Tukachanga na wadogo zangu tukapata hela ya tiketi mbili. Sasa nauliza teksi ya kutoka nyumbani Ngaramtoni mpaka KIA naambiwa elfu 90, mwingine anasema laki, tena wa laki anasema hiyo ni bei ya ndugu. Kwenda na kurudi ni karibu laki mbili, hiyo ni dawa za mama za mwezi mzima. Nilikaa kitandani usiku nikawaza, huu uwanja uko pembeni ya barabara ya Arusha Moshi, kosta zinapita pale kutwa nzima, inakuaje nishindwe?

Kabla sijaendelea, angalia tiketi yako imeandikwa nini. Arusha kuna viwanja viwili na watu wanachanganya. Ukiona JRO hiyo ni KIA, upande wa Moshi. Ukiona ARK huo ni uwanja mdogo wa Kisongo, upande wa barabara ya Dodoma, na huko unafika kwa hiace za Kisongo tu bila shida yoyote. Ni pande mbili tofauti kabisa za mji, ukikosea hapo ndege imekuacha.

Bahati nzuri nilikua nimeshaenda mara moja peke yangu, miezi kama mitatu kabla, kupeleka picha za eksirei za mama Dar kwa daktari azione kwanza. Safari ile ndio ilinifundisha kila kitu kwahiyo naanzia hapo.

Ilikua Jumatano. Ndege saa 7 mchana, nikatoka nyumbani saa 2 na nusu asubuhi nikaona niko mapema sana. Nikapanda hiace mpaka mjini, stendi nikapanda kosta ya Moshi, ikakaa inajaza karibu dakika 40, abiria wanaingia mmoja mmoja, konda anaita Moshi Moshi Moshi halafu gari haitoki. Tukatoka. Kufika Tengeru, foleni. Nilisahau kabisa kwamba Jumatano na Jumamosi ni siku za gulio Tengeru, na siku hizo pale kunakua na watu, mikokoteni, mikungu ya ndizi, pikapu zinashusha mahindi mpaka ukingoni mwa lami. Tuliingia pale tukatembea kama kobe, nikaanza kuangalia saa kila dakika. Baada ya hapo Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, kila kituo mtu anashuka mtu anapanda, na kwenye vijiji dereva anapunguza mwendo mpaka hamsini kwasababu ya matrafiki.

Konda nilimwambia nashuka KIA wakati nalipa nauli (alinitoza nauli nzima ya Moshi, elfu tatu, usishangae, wengi ndio wanavyofanya), akasema sawa dada. Lakini alikua kasimama mlangoni anaongea na simu na gari ikapita njia panda, mimi nikapiga kelele shusha KIA! shusha! abiria wote nao wakanisaidia, tukasimama mbele kidogo nikarudi kwa miguu na begi langu. Tangu siku ile sikai nyuma. Nakaa kiti cha karibu na mlango, na tukishapita King'ori namkumbusha konda kwa mdomo, KIA kuna mtu. Kibao kikubwa cha uwanja unakiona lakini ukikisubiri kibao ndio ukumbuke kushuka, gari imeshapita.

Sasa hapa njia panda ndio penyewe. Watu wanadhani ukishuka KIA umefika, hapana. Kutoka barabara kuu mpaka jengoni ni kama km 6, barabara imenyooka katikati ya tambarare, migunga na mbuga kavu, ng'ombe wa Wamasai wanapita, hakuna kivuli cha maana. Kutembea na begi juani haiwezekani, na usitegemee kuona daladala inaingia huko inakusubiri wewe. Pale njia panda kuna vijana wa boda. Wakikuona na begi la safari wanajua una haraka, wa kwanza aliniambia elfu 10. Nikamwambia kaka mimi ni wa hapa hapa, nikaanza kutembea kidogo, akaja na 4. Nikapanda, begi likawekwa mbele kwenye tanki, bahasha ya eksirei nimeikumbatia kifuani chini ya kanga kwasababu ule upepo wa pale ni wa kutisha, unabeba vumbi kutoka Sanya na unataka kukunyang'anya kila ulichoshika. Zile picha ni kubwa, zinapiga kelele kama bati kila upepo ukizikamata kona. Nilikua naomba Mungu zisikunjike. Getini tukasimama tukakaguliwa tukaendelea.

Nilifika wanakaribia kufunga kaunta. Kwa safari za ndani wanafunga mapema, kabla kabisa ya ndege kuondoka, tena kabla ya kaunta kuna ukaguzi wa mizigo pale mlangoni ambao nao una foleni yake. Mtu wa kaunta aliniangalia vumbi lote lile akasema pole dada, akanipa bodingi pasi. Niliipata ile ndege lakini moyo ulikua unadunda mpaka tumepaa.

Ila nilipokua nasubiri kuitwa nilipiga hesabu. Hiace 600, kosta 3,000, boda 4,000. Jumla 7,600. Dhidi ya laki! Nikasema mama nitamleta hivi hivi, ila yale yote yaliyonikuta leo niyapange kabla.

Mama hawezi kupanda boda, mgongo haukubali. Kwahiyo siku ile narudi kutoka Dar, nilivyofika njia panda sikukimbilia kosta. Nilikaa pale kwenye kibanda cha mama mmoja anauza maji na biskuti nikawauliza wale vijana kama kuna mwenye bajaji. Wakaniita mmoja, kijana mpole tu, akaniambia yeye hua anashinda Boma Ng'ombe ila ukimpigia anakuja. Nikachukua namba tukakubaliana elfu 7 anatusubiri njia panda anatupeleka mpaka mlangoni. Ndugu yangu, ukitaka kukumbuka kitu kimoja katika yote niliyoandika kumbuka hiki, tafuta mtu wa zile km 6 za mwisho kabla ya siku ya safari. Hii ya barabara kuu itajipa tu, kosta hazikauki, ila ukifika pale na mgonjwa au mtoto au mabegi matatu na huna mtu anaekusubiri utalipa bei yoyote utakayotajiwa.

Siku ya mama nilichagua Alhamisi makusudi kukwepa gulio. Ndege tena ni ya saa 7 mchana, tukatoka saa 1 na nusu. Tulipofika stendi kosta ya kwanza imejaa nyuma tu ndio kuna nafasi, nikaiacha iondoke, tukapanda inayofuata tukiwa wa kwanza, nikamuweka mama siti ya mbele karibu na mlango na mto mdogo nyuma ya kiuno. Ndio, ukiwa wa kwanza unasubiri sana ijae, lakini kwa mtu mwenye maumivu bora asubiri akiwa amekaa vizuri kuliko kubanwa. Konda alikua mtu mzima kidogo, akamsalimia mama shikamoo, nikamueleza mama ni mgonjwa tunashuka KIA, akasema wala usijali. Kuhusu begi alitaka buku la mzigo nikampa, sikubishana, kwasababu alilipokea kwa mikono yake mwenyewe akalilaza vizuri.

Njiani mama alikua kimya. Tulipopita Usa akaanza kuongea. Mimi nilikua sijui hii habari vizuri, kwamba miaka ile tukiwa wadogo alikua anachukua nyanya Boma Ng'ombe anakuja kuuza soko la Kilombero hapa Arusha, mara tatu kwa wiki, juu ya malori mara nyingine, na kila siku anapita pale njia panda ya KIA. "Mwanangu, nimepita hapa miaka tisa," akaniambia, "sijawahi kukata kona hata siku moja. Nilikua naona ndege inashuka tu huko porini, najiuliza wanaoshuka mule ni watu wa namna gani."

Nilishindwa kumjibu. Nikamrekebishia mto.

Kosta ikasimama palepale njia panda, konda akashuka yeye wa kwanza akamshika mama mkono. Hapa niseme kitu ambacho hakuna aliewahi kuniambia, ukitokea Arusha unashushwa upande wa pili wa barabara, uwanja uko kulia kwako, kwahiyo lazima uvuke ile barabara kuu na magari yale hayapunguzi mwendo. Kwa mzee ni hatari kweli. Yule wa bajaji alikua ameshatuona, akavuka yeye akaja kuchukua begi, mimi nikamshika mama, tukasubiri mpaka lori mbili na basi la Dar vimepita ndio tukavuka taratibu. Wa kutokea Moshi nyie mna nafuu, mnapita Kwa Sadala, Boma, halafu mnashushwa upande ule ule wa uwanja.

Ilikua saa 3 na nusu, asubuhi nzuri, Mlima Kilimanjaro uko wazi kabisa na theluji yake juu. Mama akamwambia kijana asiendeshe haraka, sio kwa sababu ya mgongo, alitaka kuangalia. Saa 4 kasoro tukawa mlangoni. Kijana akakataa kuchukua elfu 10 nzima, akarudisha buku tatu kama tulivyokubaliana. Tulikua na masaa zaidi ya matatu, mama akakaa akanywa chai aliyobeba kwenye chupa, akapumzisha mgongo, hana presha yoyote. Gharama za kutoka stendi kwa watu wawili zilikua 14,000 na buku la begi humo humo.

Kuhusu kurudi nisisitize jambo moja. Usichukue ndege ya kufika usiku kama mpango wako ni kosta. Njia panda pale giza likiingia hakuna taa za kutosha, na kosta zinapungua halafu zinazokuja zimejaa. Kama hakuna ndege nyingine na unafika usiku, pale pale unaposubiri mabegi uliza watu wanaoelekea mjini mgawane teksi, mkiwa wanne kila mtu anatoa kitu cha kawaida, nimeshafanya hivyo mara moja na watu walishukuru kwasababu kila mmoja alikua anawaza hivyo hivyo peke yake.

Sisi tulirudi na ndege ya asubuhi baada ya wiki mbili. Mama ana mkanda wa mgongo na nafuu anaiona, amebeba mfuko wa embe za Dar kwa ajili ya yule kijana wa bajaji, alishamuahidi siku ile tunaondoka na mimi nilisahau, yeye hakusahau. Kijana alikua anatusubiri nje. Akatupeleka njia panda, kosta ya kutoka Moshi ikaja haijachukua hata dakika kumi, na safari hii hatukuwa na barabara ya kuvuka, Arusha iko upande wetu.