Siku nzima na bati, mafuta na grafu ya kani

Saa moja asubuhi nafunga bati la alumini la milimita 1 kwenye fremu, nakaza bolti pande zote nne, napaka mafuta. Hatutumii kalibu hapa. Ncha ya chuma yenye kichwa cha mviringo inapita juu ya bati ikifuata umbo, inashuka kidogo, inapita tena, hadi bati liwe bakuli. Wanaochungulia huona mtu kasimama anakodolea skrini yenye grafu ya kani, yaani nguvu ambayo ncha inalisukumia bati. Ninachokilinda ni beringi za spindeli, mhimili unaoshika na kuzungusha ncha: mashine hii iliundwa kuchonga chuma, haikuundwa kukandamiza bati kutwa nzima.

Mpaka saa nne, hakuna la kusimulia.

Saa nne na nusu mteja akaingia. “Fundi, mbona inazunguka palepale? Iongezee mshuko.” Alitaka ncha ishuke milimita 1 kila mzunguko badala ya 0.3. Nikamweleza kwamba mshuko ukiwa mkubwa, ncha inakunja chuma kingi kwa mkupuo na kani inapanda. “Basi weka ncha nene.” Nayo inagusa eneo pana, kani inapanda vilevile, ndiyo maana nimeweka ya milimita 10, na spindeli nimeipa mwendo wa kuifanya ncha iviringike juu ya bati badala ya kuliburuza. Akageukia kuta: zisimame zaidi. Nikamwonyesha kwamba ukuta wa nyuzi 60 umeshalipunguza bati hadi nusu milimita. Akanyamaza kidogo, kisha akarudi kwenye mshuko! Alikaa mpaka saa saba, na kila swali lilinitoa macho kwenye grafu.

Mchana miguu ikaanza kuwaka. Umbo la namna hii, kani hupanda mwanzoni kisha hutulia; ikiporomoka ghafla, bati linachanika. Leo ilianza kupanda polepole tena, wakati ilipaswa kuwa imetulia. Nikasimamisha mashine nikainama: mafuta yalikuwa yamegeuka kijivu kizito, yamejaa unga wa alumini, na ukuta una mikwaruzo myembamba. Nikafuta kwa kitambaa, nikasafisha ncha, nikapaka mapya. Mstari ukashuka. Hilo ndilo fundi analolipwa, na najivunia kuliona mapema.

Jioni, sijui saa ngapi, bakuli likatoka zima. Kesho ni titani. Hiyo lazima tuipashe moto kwanza; ikiwa baridi, kani yake mashine hii haiiwezi.