Kurasa Tatu Nilizoziruka

Mwezi Oktoba mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikisubiri chuo kifunguliwe, na siku zangu zilipita katika chumba cha ushonaji cha shangazi yangu huko Majengo, mjini Moshi. Kilikuwa chumba cha vyerehani vinne vya miguu, meza moja ya kukatia na pasi ya mkaa iliyokaa kizingitini ili moshi wake utoke nje. Kazi ilikuwa imeanza kuwa nyingi, kwa sababu Wachaga wanaoishi mbali hurejea nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na wakiwa nyumbani ndipo posa hupelekwa, sendoff hufanyika na harusi hufungwa. Mwezi huo tulikuwa tunashona sare za sendoff tatu kwa mpigo. Mimi nilikata nyuzi, nikashona vifungo na kupiga pasi.

Kitabu nilikuwa nimekinunua kwa shilingi elfu mbili kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai lake karibu na stendi. Kilikuwa riwaya ya Kiingereza, nene, ambayo jalada lake na kurasa za mwanzo vilikuwa vimeng'oka, hivyo sikupata kujua jina lake wala la mwandishi. Siku moja baada ya chakula cha mchana shangazi aliniuliza ni kitu gani kinanifanya niinamishe kichwa namna ile hata chai inapoa. Nilipomweleza kwamba ni hadithi ya binti wa mfalme anayeozwa kwa mtawala wa nchi ya milimani ambaye hajawahi kumwona, alizima redio akasema, “Basi tusomee, lakini kwa Kiswahili.”

Tangu siku hiyo, kila alasiri nilisoma kwa macho Kiingereza na kutamka Kiswahili, huku vyerehani vikipunguza mwendo kila mambo yalipokaribia kuwa mazito. Mtawala yule alinisumbua tangu mwanzo. Nilimwita “bwana mkubwa”, halafu “mtawala”, na yote mawili yalisikika kama barua ya ofisini. Kwa kuwa watu wake waliishi mlimani, na kwa kuwa theluji ilianguka kila alipokasirika, nikajikuta nimesema “Mangi”, kama Wachaga walivyowaita watawala wao wa zamani. Hapo chumba kizima kilicheka kwa furaha, na kuanzia dakika ile kitabu hakikuwa tena cha Kiingereza. Binti mmoja aliyekuwa akijifunza ushonaji kwa shangazi alianza kuchungulia nje kila asubuhi kutazama Kibo, na mawingu yakiwa yamekifunika alitutangazia kwamba Mangi ameamka vibaya.

Sijawahi kukutana na wahakiki makini kama wale. Walitaka kujua mshenga alikuwa nani, na niliposema kwamba hakuwepo, kwamba mfalme alitia saini mkataba wa kumaliza vita na ndani ya mkataba huo kulikuwa na binti yake, mama mmoja aliyeshona kwenye cherehani cha dirishani alisimamisha gurudumu kwa kiganja. “Hiyo si posa,” alisema, “hiyo ni fidia.” Nilimwona ametaja jambo ambalo kitabu chenyewe kilichukua sura nzima kulikaribia. Mangi alipomkosea mkewe na kumletea bangili ya fedha kuomba radhi, walimlaumu kwa kutokuleta jani la isale, kwa kuwa mlimani kwetu anayeomba msamaha kwa isale ni vigumu kumkatalia, lakini bangili mtu anaweza kuipokea na kinyongo kikabaki pale pale.

Mahali walipogawanyika kabisa ni usiku wa harusi. Mangi anaketi nje ya mlango wa bibi harusi, kwenye baridi, akisema hataingia mpaka yeye mwenyewe amwite, hata ikichukua miaka. Binti mwanafunzi aliufunga uso wake kwa kipande cha kitenge kwa jinsi maneno yale yalivyomwingia. Mama wa dirishani alikataa kata kata. Alisema kwamba mwandishi ametuwekea mwanamume mpole mlangoni ili tusahau namna yule msichana alivyoingizwa chumbani, na kwamba upole wa baadaye haufuti lazima ya mwanzo. Shangazi alijibu kwamba msomaji naye anajua, wala hadanganywi; anasoma ili amsikie mtu akiulizwa swali ambalo wengi hawakuulizwa. Walibishana hadi mkaa wa pasi ukawa majivu. Nilikuwa upande wa shangazi, na nipo upande wake hata sasa, ingawa hoja ya yule mama sijaweza kuishinda.

Jumatano tarehe 23 mwezi huo, Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa ya Serikali katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016 ikabaki palepale: vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, vinapingana na Katiba. Kesho yake habari hizo ndizo zilizozungumzwa chumbani tangu asubuhi.

Alasiri ya Alhamisi hiyo alikuja bibi mmoja kutoka Old Moshi, mteja wa siku nyingi wa shangazi, kuchukua gauni lake la kanisani lililokuwa limebakiza vifungo. Nilimwamkia, akaitikia, akakalishwa kwenye kiti cha wateja, na shangazi akaniambia niendelee kusoma wakati yeye anamalizia vifungo. Bibi alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya fimbo. Katikati ya sura, mama wa dirishani alirudia habari za mahakama, na bibi akasema, bila kumtazama mtu, “Mimi hata hiyo kumi na tano nilikuwa sijaifika.” Hakuna aliyejibu. Shangazi alinipa ishara kwa kidevu kwamba niendelee.

Nikatazama kilichofuata, nikasita. Bibi harusi, akiwa na mwezi mmoja tu nyumbani kwa mumewe, anaukumbuka usiku ambao hakuwahi kumsimulia mtu: usiku aliotoroka kabla ya harusi, akashuka hadi mtoni, akakamatwa na kaka zake wa tumbo moja, wakamrudisha. Zilikuwa kurasa tatu. Nilimtazama bibi, nikaona si haki kumpa mzigo ule kwenye kiti cha wateja, akiwa amekuja kuchukua gauni tu. Nikafunua mara tatu, nikaanzia mbele, pale Mangi anapomfundisha mkewe kusoma nyota.

“Umeruka,” alisema bibi.

Nikasema nilikuwa natafuta mahali.

“Karatasi imelia mara tatu na wewe hujasema neno. Rudi.”

Nilirudi. Nilisoma polepole, nikitafuta kila neno, na safari hii sikuona aibu kukaa kimya mpaka neno lenyewe lije. Vyerehani vyote vilikuwa vimenyamaza. Nilipofika pale kaka zake wanapomvusha kizingiti cha nyumba yao, bibi aliinua kidole kidogo juu ya fimbo.

“Mama yake alikuwa wapi?”

Nikasoma sentensi iliyofuata. Mama yake alikuwa ameketi akimsubiri na kitana mkononi; alimkalisha chini mbele yake na kuanza kumchana nywele zilizojaa majani, na hakusema kitu mpaka kulipopambazuka.

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabiwa fedha na kuona kwamba zimetimia. “Ndivyo,” alisema. “Hasemi kitu. Anachana tu.” Kisha akaniomba nilirudie lile la majani kwenye nywele, nami nikalirudia mara mbili.

Shangazi alikuwa amemaliza kifungo cha mwisho muda mrefu uliopita, na gauni lilikuwa limelala mapajani mwake. Alilikunja, akalitia kwenye mfuko, akakataa kupokea fedha, na bibi akaziweka juu ya meza ya kukatia hivyo hivyo, akazibana kwa mkasi zisipeperuke. Nilimshika mkono kumvusha mtaro wa mlangoni. Tulipofika barabarani, chini ya mjakaranda uliokuwa umemwaga maua yake, alisimama akanigeukia.

“Yule msichana, walipomkamata mtoni, alikuwa na viatu?”

Kitabu nilikuwa bado nimekishika, kidole changu kikiwa katikati ya kurasa. Nilikifungua palepale juani, nikasoma upya tangu anapochomoka dirishani hadi anapofikishwa mtoni, mstari kwa mstari. Nikamwambia kwamba mwandishi hakusema.

“Hakuwa navyo,” alisema bibi, akaushika mfuko wake vizuri, akaelekea kwenye kituo cha daladala.