Aya ya Salamu

Ilikuwa Kwaresima ya 2019, katika kigango kimoja cha Kikatoliki wilayani Masasi. Msimu huo serikali ilikuwa imetangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia kubeba mzigo. Mpaka Machi habari za uhakiki wa wakulima kabla ya malipo zilikuwa bado zimejaa vijiweni, na neno kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo na kwa bei ya chini, lilishawafanya majirani kadhaa wasitazamane usoni. Viongozi wa jumuiya ndogondogo waliitwa Jumamosi moja wafundishwe Mathayo 5:48: "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Mimi nilipewa kazi ya kuandika muhtasari wa parokia.

Mwalimu alikuwa katekista mstaafu kutoka upande wa Newala, mzee mkavu wa maneno. Kabla ya lolote alikataza mtu kuanza na aya ya 48. Isomwe kuanzia ya 43, akasema, la sivyo kila mmoja atabebeshwa mzigo ambao Yesu hakuutaja. Ikasomwa. Mzee akaandika ubaoni kila anachofanya Mungu katika fungu lile. Yalipatikana mambo mawili tu: anawaangazia jua lake waovu na wema, na anawanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kisha akaandika wanachofanya watu: wanawapenda wanaowapenda, wanawaamkia ndugu zao.

Hapo akaigonga aya ya 47 kwa chaki. Salamu ndiyo mfano wa mwisho kabla ya amri ya ukamilifu. Wengi tulikuwa tumezoea kuichukulia amri ile kama upangaji wa madaraja ya korosho ghalani: wakikuta kasoro, unashushwa daraja la pili. Kumbe fungu zima linahusu upendo usiobagua. Ndiyo maana Luka, katika sehemu inayolingana na hiyo (6:36), anaweka huruma: iweni na huruma kama Baba yenu alivyo na huruma. Mzee alilikaza hili kwa muda mrefu, na nadhani alifanya vizuri, kwa sababu lililofuata lote lilisimama juu yake.

Kijana mmoja aliyekuwa anahudhuria pia mikesha ya walokole akasimama na 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Je, aliyeokoka si ameshakamilika? Mzee hakumbeza. Alimwambia afungue waraka huohuo, sura ya 1 aya ya 8, asome kwa sauti: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Halafu 2:1, ambako Yohana anasema anaandika ili wasitende dhambi, na akitenda mtu, tunaye Mwombezi. Mwandishi ni mmoja na barua ni moja. Anayekanushwa ni mtu aliyeifanya dhambi kuwa makazi yake, na pia yule anayedai hajawahi kuikaribia. Akaongeza Wafilipi 3. Katika aya ya 12 Paulo anasema hajawa mkamilifu bado, bali anakaza mwendo, na katika aya ya 15 anajihesabu pamoja na "sisi tulio wakamilifu". Ziko aya mbili tu katikati. Hata John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18 aliyeutetea ukamilifu kuliko wengi, alisema mtu aliyejaa upendo bado hukosea kwa kutojua na kwa udhaifu wa akili, na bado anahitaji damu ya Kristo. Kijana aliandika vifungu vyote vitatu. Hakuonekana ameridhika sana, lakini aliandika.

Baada ya uji tukaingia kwenye vitendo. Ukumbini walikuwamo wazee wawili wenye kesi ya mpaka wa mikorosho, na kila mtu alijua. Mzee hakuwataja. Alifundisha jinsi ya kumwamkia mtu mliyekosana kana kwamba anafundisha kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Uanze wewe, wala usingoje akutane nawe njia panda. Umwite kwa jina alilozoea, Baba Fulani au Mama Fulani. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo ni haki yake hata akiwa amekudhulumu. Kama ni Mwislamu, usiipunguze salamu kuliko unavyomwamkia Mkristo mwenzako. Usiunganishe salamu na maelezo ya kesi, kwani hapo ndipo wengi wanapoharibu: mtu anaanza na "habari za asubuhi" na kabla hajajibiwa ameshafika kwenye mti wa tatu kutoka kichuguu. Asipoitikia, pita, na kesho umwamkie tena.

Mmoja wa wale wazee akauliza kwa hasira kidogo, "Kwa hiyo nimwachie shamba?" Jibu lilikuwa fupi. Kesi ibaki baraza la kata na mashahidi wa mpaka waitwe. Kumpenda adui hakufuti haki, kunakukataza kumtakia mabaya wakati unaidai.

Juu ya kangomba alikuwa mkali zaidi. Aliyemnunulia mwenzake korosho kwa bakuli badala ya mizani, kwa bei ya njaa, kwa kuwa mtoto wa yule ni mgonjwa au ada imekwisha muda, asidhani kuungama kunamaliza. Kuna malipizi. Atafute tofauti kati ya alichotoa na thamani ya haki, amrudishie mwenyewe. Mwenyewe akiwa amefariki, iende kwa warithi, na wasipojulikana, kwa maskini. Zakayo alirudisha mara nne. Hiyo ilikuwa hiari yake, ila deni lenyewe halina hiari. Ukumbi ulinyamaza. Wengine walikuwa wanapiga hesabu, nilivyowaona.

Kisha zoezi la jioni, robo saa kabla ya kulala. Kwanza kushukuru kwa kitu cha siku hiyo chenye jina. Pili kuomba mwanga. Tatu kuipitia siku tangu alfajiri, saa kwa saa: mawazo, maneno, matendo. Nne kuomba msamaha. Tano kuchagua jambo moja la kurekebisha kesho. Alisisitiza liwe moja tu, kwa sababu anayeanza na kumi huchoka mapema, halafu anajiambia utakatifu ni wa masista. Tena jambo lenyewe liwe linaloonekana. "Nitakuwa mpole" halipimiki. "Sitamfokea Mama Fulani kisimani" linapimika.

Kosa la upande wa pili ni wasiwasi wa dhamiri, nao haukosi kwenye vigango vyetu: mtu anarudia rozari kwa sababu mawazo yalitoroka, au anaungama kila mwezi dhambi ileile iliyokwisha kuondolewa. Kwa huyo alitoa masharti matatu ya dhambi ya mauti, yaani jambo zito, kujua wazi, na kukubali kwa hiari kamili. Likipungua moja, si ya mauti. Mwenye wasiwasi amchague muungamishi mmoja, amtii, wala asizunguke parokia tatu kutafuta jibu kali zaidi. Kwa maoni yangu sehemu hii ilistahili saa nzima, lakini jua lilikuwa limeshaegemea.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama aliyekaa karibu na mlango. Mume akipiga, ukamilifu unamtaka mke akae avumilie? Baadhi ya wanaume walicheka, na mzee akawakatiza. Alisema saburi ya Yakobo 1:4 ni ya majaribu yanayokujia, na haimlazimu mtu kukaa chini ya fimbo. Yesu mwenyewe, watu walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa kilima kule Nazareti, alipita katikati yao akaenda zake, Luka 4:30. Mama aende kwao, au kwa paroko, au dawati la jinsia polisi, na watoto awachukue. Kumwombea mume anaweza akiwa huko huko. Halafu akamwomba mwenyekiti wa jumuiya ya yule mama abaki nyuma, wapange nani atamsindikiza Jumatatu.