"Gari yangu ipo gereji": siku yangu kwenye usukani wa daladala Tanga

Saa 10 alfajiri

Kipanya, daladala yetu ndogo, kinalala uani kwa tajiri, mwenye gari, hapa hapa Pongwe. Nikifika, konda wangu keshafungua milango na anafuta siti. Hili tulikubaliana tangu siku alipoanza kazi: maji, oili na upepo wa matairi ni juu yangu, siti ni juu yake, na hatutoki mpaka vyote viwe tayari. Wenzetu hutushangaa, maana gari litachafuka tripu ya kwanza tu. Lakini abiria wa alfajiri naye kapiga pasi nguo yake, tena huenda kaipiga kwa mkaa, gizani. Hastahili kukalia vumbi la jana.

Saa 11 alfajiri

Tripu ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wamo akina mama wa samaki wanaokwenda soko la samaki la Deep Sea na ndoo zao tupu, manesi wanaowahi zamu hospitali ya Bombo, na wasafiri wa mabasi ya Dar nitakaowashusha stendi ya Kange. Anayepanda anaamkia, waliomo wanaitikia. Mzee akiingia anapishwa bila konda kusema neno. Mtoto wa huyu anapakatwa na yule, na mama mtu mwenyewe hata hageuki nyuma, anajua mwanawe yuko salama.

Saa hizo ndani ya gari hakuna anayejieleza kwa nini kapanda daladala. Kujieleza huanza jua likishatoka.

Saa 1 asubuhi

Barabara ya kuingia mjini imeamka. Foleni yetu bado ni ndogo ukiilinganisha na ya Dar, lakini kwenye makutano sasa tunasimama, na nikisimama huwa natazama pembeni. Magari madogo ya binafsi, IST, Passo, IST tena, na ndani ya kila moja mtu mmoja, vioo vimepandishwa. IST ina urefu wa karibu mita nne. Kipanya changu ni kama mita tano, na nyuma yangu wameketi watu kumi na watano. Watoe hao wote, mpe kila mmoja IST yake, uzipange bila kuacha hata nafasi ya kupitisha mkono: mita sitini, zaidi ya nusu ya uwanja wa Mkwakwani kutoka goli hadi goli. Hapo hujahesabu nafasi inayotakiwa kati ya gari na gari, wala pa kuegesha zikifika.

Pamoja na hayo, honi inayopigwa huwa inatoka kwa aliye peke yake, naye anampigia aliyebeba kumi na watano. "Daladala ndizo zinazoleta foleni" ni maneno ninayoyasikia kila mahali, kwenye kahawa, msibani, hata kwa watu ambao wenyewe hawajawahi kumiliki gari. Nakubali kwamba wapo kati yetu wanaosimama popote na kukata kona kama barabara ni ya baba yao. Hao wakamatwe. Ila mwenye kuchukua barabara kubwa kuliko haki yake si sisi.

Kituo kinachofuata kina wanafunzi. Nauli yao haifiki nusu ya ya mtu mzima, na ndiyo maana utasikia konda akimwambia dereva, "Madenti hao, twende!" Gari linapita, watoto wanabaki na mabegi yao kifuani. Sisi tunasimama. Konda wangu mwanzoni alinung'unika, maana hesabu ya jioni anaijua. Nikamwambia atazame mbele kidogo. Mtoto anayeachwa kituoni miaka yote ya shule ya msingi anakua akiwa ameshajiapiza jambo moja: siku nikishika hela, nanunua gari langu. Nani wa kumlaumu? Chuki ya daladala tunaipanda wenyewe, saa 1 asubuhi, kituo baada ya kituo.

Saa 3 asubuhi

Leo mjini alipanda baba mmoja wa makamo, shati jeupe, viatu vinang'aa, ufunguo wa gari mkononi. Hajakaa bado akamwambia konda, kwa sauti ya kufika mpaka siti ya nyuma:

"Gari yangu ipo gereji. Fundi kaniambia mpaka kesho."

Hakuna aliyemuuliza. Maneno haya nimeyasikia miaka mingi, na yana ndugu zake: "gari nimemwachia mama watoto", "leo nimeona nipumzike kuendesha". Anayeshuka bajaji hajielezi. Anayepanda basi la mkoani hajielezi. Daladala peke yake ndiyo inayomfanya mtu mzima atoe udhuru kwa watu asiowajua.

"Karibu mzee, kaa dirishani hapo," konda alimwambia. Bibi mmoja aliyekuwa na kikapu cha machungwa ya Muheza akasogea kumpisha.

"Pole mwanangu. Sisi letu ndilo hili."

Bibi hakumkejeli hata kidogo. Alisema kama anavyosema mtu aliyeketi barazani kwake. Yule baba akaitikia, "Ahsante bibi, shikamoo," na tangu hapo akalegea, mpaka akaanza kuzungumza nami. Aliuliza nauli. Akapiga hesabu za mafuta yake ya wiki kimoyomoyo, nikamwona kwenye kioo anatikisa kichwa. Kisha akasema neno ambalo nimekaa nalo kutwa nzima.

"Dereva, pesa siyo tatizo langu. Mimi siwezi kungoja gari lijae nisijue linaondoka saa ngapi. Na la pili, nikwambie ukweli, watu wa ofisini wakiniona kituoni watasema nimefilisika."

Nilimjibu kwamba la kwanza ni haki yake, na ni letu sisi wa daladala kulirekebisha. La pili ni la kwake na hao wa ofisini. Lakini kila nikilitafakari naona la pili ni mtoto wa la kwanza. Usafiri ukiwa wa kungojesha watu, kubananisha watu na kufokea watu, anayeutumia ataonekana hana njia nyingine. Hapo ndipo gari dogo linapogeuka cheo.

Saa 5 asubuhi

Abiria wamepungua. Tunangoja stendi, na ngoja nieleze tunangoja nini, kwa sababu wengi wanadhani ni uvivu.

Kila jioni nampelekea tajiri hesabu, kiasi tulichokubaliana, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni juu yetu. Kinachobaki ndicho chetu, mimi na konda. Kwa mpango huo siti tupu inatoka mfukoni mwangu moja kwa moja, kwa hiyo siondoki mpaka zijae. Abiria aliyetangulia kupanda ndiye anayelipia subira hiyo kwa muda wake. Anatoka jasho, anatazama simu, mwishoni anashuka na kuita bajaji. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu bodaboda na bajaji kubeba abiria kwa leseni, abiria anayechoka kungoja hakosi pa kwenda. Analipa zaidi na anaondoka sasa hivi. Siwaonei wivu vijana wale, wanalea familia kama mimi. Ila wangapi kati ya abiria wao wangebaki kwetu kama wangejua kwamba saa 5 na robo, gari limejaa au halikujaa, tunatoka?

Nikiwa nawaza hayo, mbele yangu wanapita wenye baiskeli. Mgeni akija Tanga hilo ndilo la kwanza analoliona. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli hapa inaendeshwa na kila mtu: mwalimu na daftari zake, mama wa buibui na kitoroli cha nyuma kimejaa mboga za soko la Mgandini, mzee wa kanzu nyeupe akienda Ijumaa. Hajawahi mtu kuniambia, "Leo unaniona na baiskeli kwa sababu gari ipo gereji." Miji mingine ya nchi hii baiskeli ni ya asiye na uwezo, hapa kwetu ni ya mtu. Kwa hiyo wanaosema Mwafrika akipata pesa lazima apende gari kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, waje wasimame Barabara ya 12 kwa nusu saa. Watu hupenda kinachowafikisha na kisichowadhalilisha. Mwenye baiskeli hasubirishwi na hafokewi. Anatoka anapotaka na anaamkiwa njiani.

Saa 7 mchana

Wali, samaki wa nazi, maji ya ndimu. Nakula huku nasikiliza sauti aliyonitumia binti yangu, anayesoma mipango miji Chuo Kikuu Ardhi. Anajua baba yake anapenda habari hizi, akijifunza jambo darasani jioni lazima nilipate.

Leo ni Stockholm, Sweden. Anasema huko walitaka magari yanayoingia katikati ya mji yalipie. Watu wengi walikataa. Serikali ikatangulia kuongeza mabasi, mwaka 2005, kisha Januari 2006 wakaanza kutoza kwa majaribio ya miezi saba. Magari yanayovuka kuingia katikati yakapungua kwa karibu asilimia 20, na watu wakaona kwa macho yao. Septemba mwaka huo wakapiga kura, na wakazi wa mji wakakubali, mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu. Wale wale waliokataa! Nilirudia kuisikiliza sehemu hiyo. Hawakuhubiriwa wapende basi. Basi lililetwa kwanza, wakalipanda, mioyo ikafuata.

Na hatuna haja ya kwenda Sweden. Mwendokasi wa Dar ulipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, basi likapewa njia yake lenyewe, magari madogo yakibaki yamesimama pembeni. Mwenye tai alikaa na mwenye jembe, wala hakuna aliyetaja gereji. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi ile. Baadaye mabasi yakawa machache kuliko watu, foleni zikahamia vituoni, na malalamiko tumeyasikia wote. Somo naliona wazi pande zote mbili: heshima ya basi hupanda na kushuka na basi lenyewe.

Tanga imekuwa jiji mwaka 2005. Hatujafika pabaya. Barabara zetu bado zina nafasi ya kuchora njia ya basi bila kubomoa nyumba ya mtu, na baiskeli zetu bado zipo. Ukingoja mpaka kila mwenye mshahara awe na IST, hutapata pa kuchora. Nashangaa jambo hili linazungumzwa kana kwamba ni la miji mikubwa tu, wakati mji wa ukubwa wetu ndio wenye muda.

Saa 11 jioni

Tripu za jioni ni za mfululizo, sina la kuzisimulia sana. Akina mama wa samaki wanarudi na ndoo zenye magamba. Kijana mmoja alikunja uso akasogeza mguu wake, konda akamwambia kwa upole, "Kaka, hicho ndicho utakachokula usiku." Akacheka, akamsaidia mama kuishusha ndoo.

Saa 3 usiku

Nimempelekea tajiri hesabu. Akanikaribisha barazani, akaagiza chai, nikajua kuna neno.

"Nataka kuiuza hiyo kipanya," akasema. "Ninunue bajaji tatu. Watu siku hizi hawataki daladala."

Nikamwambia, "Mzee, watu hawataki kungojeshwa. Ukiiuza, hawa wa saa 11 alfajiri wote utawapandisha bajaji? Mama wa samaki nauli ya bajaji kila siku anaitoa wapi?" Nikampa wazo langu. Mchana tuache kujaza. Tutoke Pongwe kwa saa maalumu, tuiandike kwenye kioo cha mbele kila mtu aione, na yeye apunguze hesabu ya mchana kwa mwezi mmoja tupime. Abiria wakirudi, sote tumepata. Wasiporudi, auze, nami nitamtafutia mnunuzi mwenyewe.

Alinyamaza muda mrefu, akihesabu kwa vidole. Akasema mwezi ni mrefu mno. Nikamwomba wiki mbili. Tumeachana hivi: kuanzia kesho konda anaandika makusanyo ya asubuhi, ya mchana na ya jioni mbali mbali kwenye daftari, na Ijumaa baada ya swala tutakaa nalo watu watatu, tajiri, konda na mimi.