Bendera ya ng'ambo ipepee Mtwara

Nimerudi Mtwara moja kwa moja. Habari za korosho, gesi na barabara ya kusini wengi wameshaziandika, sina la kuongeza. Mimi tangu nishuke kwenye basi nina jambo moja rohoni, nalo ni bendera ya Msumbiji, jirani yetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma.

Nilikokuwa nikiishi ni Boston, Marekani. Mbele ya jengo la halmashauri ya jiji kuna milingoti mitatu, kila mmoja una kimo cha mita 25 hivi: wa taifa, wa jimbo la Massachusetts na wa jiji lenyewe. Huo wa tatu ndio wenye habari. Kwa miaka mingi jiji lilikuwa likiishusha bendera yake kwa saa chache na kuwaachia wakazi waliotoka kwingine wapandishe ya kwao. Wareno walipandisha, Waturuki walipandisha, Waethiopia, Wachina, Wabrazili. Kati ya 2005 na 2017 jiji lilikubali jambo hilo mara 284.

Mimi nilikwenda siku ya watu wa Cape Verde, kwa sababu mzee mmoja wa kwao, fundi bomba, tulikuwa tukipanda basi moja asubuhi, naye alinialika. Alivaa suti ya kahawia iliyompwaya mabegani. Bendera ilipoanza kupanda alivua kofia akaibana kifuani, akaimba wimbo wa taifa lake mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo wakagawa cachupa, mahindi na maharage yaliyochemshwa taratibu, kande kabisa ya nyumbani. Nilikula nikiwafikiria watu wa ng'ambo ya Ruvuma. Cape Verde na Msumbiji zilipata uhuru mwaka mmoja, 1975, kutoka kwa Mreno yuleyule. Wale wamepewa mlingoti katika jiji la ugenini. Wa kwetu waliotoka Msumbiji, ambao ni ndugu zetu wa damu, hapa Mtwara wana nini?

Hakuna mtu wa kusini asiyejua walikujaje. Wapo waliovuka zamani kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani. Wapo waliokimbia baada ya tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Vita vilipoanza mwaka 1964 wakaja kwa maelfu. Kambi ya Rutamba kule Lindi ilijaa wao. Nachingwea ndiko wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walikofundishwa. Na Naliendele, hapo tu nje ya mji, wamelala askari wetu waliofia Msumbiji. Undugu huu umelipiwa kwa damu pande zote mbili.

Jirani yetu wa Magomeni, bibi ambaye mama yake alimbeba mgongoni kuvuka mto, ana bendera ya Msumbiji. Mjukuu alimletea kutoka Pemba, ile ya Msumbiji. Nilipokwenda kumpa shikamoo alinifungulia sanduku, akaitoa chini ya kitenge chenye picha ya Samora, akainyoosha kitandani kwa viganja: kijani, nyeusi, njano, ile pembetatu nyekundu yenye nyota, kitabu, jembe na bunduki. Nikamuuliza kwa nini haitundiki hata sebuleni. Akasema, "Mwanangu, watu watauliza maswali." Akaikunja tena.

Maswali hayo nayaelewa. Tangu wanamgambo waanze mashambulizi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2017, na hasa tangu kijiji chetu cha mpakani cha Kitaya kilipovamiwa Oktoba 2020, mtu wa ng'ambo anatazamwa mara mbili. Waliopoteza watu Kitaya wana uchungu wa haki na sitaki kuwapita juu juu. Lakini wavamizi haohao ndio waliochoma vijiji vya ndugu za huyu bibi, na bendera iliyo sandukuni mwake ni ya nchi wanayoipiga. Kumfanya aifiche ni kumweka kundi moja na waliomfukuza.

Ninachoomba ni hiki: kila tarehe 25 Juni, siku ya uhuru wa Msumbiji, Manispaa ipandishe bendera hiyo kwenye viwanja vya Mashujaa, kando ya yetu. Desturi ya mataifa inajulikana, zinalingana ukubwa na kimo, na ya mwenyeji inakaa mahali pa heshima. Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yachezwe, watoto wa shule waje wasikie habari za Mueda kwa wazee ambao bado wapo.

Na tuanze kwa utaratibu ulioandikwa, kwa maana Boston waliponzwa na hilo. Walikuwa wakikubali kila ombi bila kulipima, hadi mwaka 2017 walipolikataa la kikundi kilichotaka kupandisha bendera ya Kikristo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2022 majaji wote tisa wakasema jiji limekosea: mlingoti uliokuwa wazi kwa kila mwombaji haukuwa tena sauti ya jiji, basi halikuwa na haki ya kumbagua mmoja kwa imani yake. Kwa hiyo baraza la madiwani liamue lenyewe, kwa azimio, bendera ipi, siku gani na kwa sababu gani. Hapo hakuna atakayesema mtu fulani amejipandishia tu.

Mwenyekiti wa mtaa nimeshazungumza naye, ameniambia nimwandikie mkurugenzi na nakala nimpe diwani. Barua iko tayari, inasubiri majina. Wenye wazee waliovuka Ruvuma, mliopo Mtwara, Mikindani, Newala na Tandahimba, njooni muisome kabla sijaipeleka, na mzee akitaka kuongeza neno lake tutaliandika kama atakavyolisema.