Kwanza niambie ana umri gani

Wanafunzi wa uuguzi wakija wodini kwetu, swali lao la kwanza huwa dawa: haloperidoli miligramu ngapi, diazepamu inachomwa vipi. Mimi huwauliza mgonjwa ana umri gani, na nani kamleta. Najua wakitoka nje wananicheka. Lakini nimeuguza akili za watu hapa Mombasa muda wa kutosha, na maradhi haya hayaji kwa kijana wa Majengo kama yanavyomjia bibi wa Mji wa Kale.

Bibi huyo, kwa mfano. Juzi alikuwa anasukuma mahamri, leo hawajui wanawe, anazungumza na marehemu mumewe, usiku hagusi kitanda. Nyumba nzima inasema uzee umemwingia. Hapana! Demenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu kwa wazee, hunyemelea kwa miezi na miaka. Kinachozuka kwa siku mbili tatu ni diliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, na chanzo mara nyingi kimo mwilini: maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka, dawa mpya, au maji tu yamempungukia. Jua la Februari la hapa mwalijua, na wazee wengi hawanywi maji jioni kwa kuogopa kuamkia choo. Basi pima mkojo, pima sukari, mpe maji. Ikibidi kumtuliza kwa dawa, iwe dozi ndogo mno, maana akianguka akavunjika nyonga mmemwongezea msiba.

Kwa wazazi, nawasema waliojifungua karibuni, nina maneno mengi. Arobaini yetu naipenda: mama anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, nyumba imejaa kina shangazi. Shida ni kuwa katika umati ule hapati pa kusemea. Kulia lia siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Likiendelea, kuna maswali kumi ya kupima sonona ya mama aliyejifungua, yaliyotungwa Edinburgh, yakachapishwa 1987, nayo hayachukui hata dakika kumi. Lakini muulize mbele ya mama mkwe, utajibiwa, "Alhamdulillahi, sijambo." Kwa hiyo mama mkwe namtuma duka la dawa, kisha nauliza, "Mtoto akilala, nawe unalala?" Hapo ndipo machozi hutoka. Akisema anasikia sauti, au kwamba mtoto huyu kabadilishwa si wake, hiyo ni dharura ya siku ile ile, na asiachwe peke yake na mtoto.

Namuuliza pia, waziwazi, kama amewaza kujiua. Wanafunzi huogopa kuwa utamtia wazo kichwani. Humtii, mara nyingi unampa ruhusa ya kutua mzigo. Tulikuwa na kikwazo kingine: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinakiuka katiba. Kabla ya hapo familia zilituapia kwamba sumu ya panya ilinywewa kwa bahati mbaya.

Vijana nao, skizofrenia, maradhi ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, huwaanza mwishoni mwa utineja au miaka ya ishirini. Jamaa watalaumu muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na sikatai kuwa muguka na bangi huchochea, lakini kumnyang'anya muguka peke yake si tiba. Kuna jambo dogo linalotuharibia kazi kila mara. Kijana kachomwa haloperidoli, kesho yake shingo imepinda, macho yametazama juu, taya limekaza. Nyumbani wanasema jini kakasirika, na dawa inatupwa. Kumbe ni misuli imekazwa na dawa, huwapata zaidi vijana wa kiume, na dawa iitwayo Artane huilegeza upesi. Nikimwambia mamake mapema kuwa huenda hayo yakatokea, anamrudisha hospitali. Nisipomwambia, anampeleka kwa mganga. Wakitaka kumsomea na kumnywesha kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, sigombani nao. Nasema kombe na vidonge viende pamoja.

Watoto hawasemi "nina huzuni." Husema tumbo linauma, hasa asubuhi ya shule, au huanza kukojoa kitandani upya ilhali walishaacha. Karatasi na kalamu za rangi hunisaidia kuliko maswali.

Halafu kuna watu wazima wa makamo, wenye kazi na watoto, ambao wametulia kwa dawa na hakuna anayewafikiria. Hao nawafikiria Rajabu na Shaabani, kabla ya mfungo wa Ramadhani. Anayetumia litiamu, dawa ya kuzuia hisia zisipande na kushuka kupita kiasi, akifunga mchana kutwa katika joto hili, akatoka jasho asinywe maji, kiwango cha dawa kwenye damu chaweza kupanda hadi kumdhuru: mikono inatetemeka sana, anaharisha, anapepesuka kama mlevi. Wengine hukimbilia kuacha dawa mwezi mzima, na Idi inawakuta wodini. Namwita kabla mwezi haujaandama, apimwe damu, daktari aangalie kama dozi yafaa kuhamishiwa baada ya futari. Wengine huambiwa wasifunge, na hapo mimi humwomba imamu wa msikiti wao aje tuzungumze sote watatu, kwa sababu neno langu peke yangu hawalikubali.