Jinsi Historia ya Maneno Ilivyonisaidia Kufasiri Kiingereza Kinachokanganya

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na nyingi kati ya hizo ni za kisheria. Tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, umuhimu wa kuwa na hukumu, kanuni na mikataba iliyofasiriwa kwa uangalifu umezidi kuonekana. Istilahi ndefu za kitaalamu hazinipi shida kubwa, kwa sababu ugeni wake humlazimisha mtu kufungua kamusi. Ninayoyahofia ni maneno yanayofanana sura, ambayo jicho lililochoka hulisoma moja likidhani ni jingine.

Mfano ni "prescribe" na "proscribe", yanayotofautiana kwa herufi moja. Ada ambayo ni "prescribed" ni ada iliyowekwa na sheria, ilhali kikundi ambacho ni "proscribed" kimepigwa marufuku. Maana hizo nilikuwa nimeziandika daftarini zikiwa zimekaa sambamba, lakini hazikutulia kichwani mpaka niliposoma zilikotoka. Maneno yote mawili yamezaliwa na kitenzi cha Kilatini "scribere", yaani kuandika. La kwanza lilihusu kuandika kabla, kwa maana ya kuweka utaratibu utakaofuatwa. La pili lilihusu kuandika na kutangaza hadharani, na mwaka 82 KK tangazo la namna hiyo lilikuwa hukumu ya kifo: Sulla, jemadari wa Kirumi, baada ya kuutwaa mji wa Roma, aliamuru majina ya mahasimu wake yabandikwe mahali pa wazi, na yeyote aliyemuua mtu wa kwenye orodha hakushtakiwa bali alipewa zawadi, huku mali ya marehemu ikinadiwa. Tangu nisome habari hiyo, nikikutana na herufi "o" katika neno hilo naiona orodha ya Sulla ukutani.

Hapo nikabadilisha mpangilio wa daftari langu. Kila jozi ya maneno ikapewa ukurasa wake, ambamo naanza na mzizi, nafuatisha kisa au matumizi ya kale, kisha nanakili sentensi kutoka katika andiko ninalolifanyia kazi, na Kiswahili nakiweka mwisho kabisa. Mpangilio huo una sababu yake, kwa kuwa nikianza na Kiswahili huridhika mapema na neno la kwanza linalonijia.

Ukurasa ninaoupenda ni wa "venal" na "venial". La kwanza linatokana na Kilatini "venum", mauzo, na humhusu ofisa anayenunulika kwa rushwa. La pili linatokana na "venia", msamaha, nalo Wakatoliki wanalijua vyema kupitia dhambi nyepesi, ile isiyo ya mauti. Mfasiri akiipuuza "i" moja, mtu aliyetajwa kwa kosa linalosameheka anaweza kuandikwa kuwa mla rushwa. Kurasa nyingine ni fupi. "Noisome" halihusiani na kelele hata kidogo. Ni tawi la "annoy", na mara nyingi huelezea uvundo au kitu chenye madhara. "Enervate" nalo huwadanganya wengi wanaodhani ni kutia nguvu, ilhali asili yake ni kumwondolea mtu kano, kwa hiyo ni kumdhoofisha.

Jozi iliyonifundisha mipaka ya njia hii ni "disinterested" na "uninterested". Katika hukumu, shahidi ambaye ni "disinterested" ni yule asiye na maslahi katika shauri, na ushahidi wake hupewa uzito kwa sababu hiyo, tofauti kabisa na shahidi asiyejali. Mzizi ni uleule kwa maneno yote mawili, hivyo haumsaidii mfasiri. Zaidi ya hapo, katika karne ya 17 "disinterested" liliwahi kutumika kwa maana ya kutojali, na "uninterested" kwa maana ya kutopendelea upande. Jambo hilo nililiona katika Oxford English Dictionary, kamusi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ambayo James Murray na wenzake waliijenga kutokana na vipande vya karatasi vyenye nukuu vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea. Kwa kuwa kamusi hiyo hupanga maana kuanzia ya kale zaidi, maana ya kwanza chini ya kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, inaweza kuwa imekufa zamani. Kwa hiyo natazama kwanza miaka ya nukuu, kisha mwaka wa andiko lililo mbele yangu, ndipo nachagua.

Kwa sasa ninashughulika na "nonplussed". Limetoka katika Kilatini "non plus", si zaidi, yaani hali ya mtu aliyeishiwa la kusema au la kufanya kwa mshangao. Hata hivyo, Marekani watu wengi hulitumia kumwelezea mtu ambaye hakutikisika. Ninapolikuta, humuuliza mteja mwandishi ni wa wapi, kisha nasoma aya zilizotangulia na zinazofuata. Zipo sentensi zinazokubali maana zote mbili, na hizo namrudishia mwandishi mwenyewe aniambie alikusudia nini.